Mafaili ya vifaa ndani ya taswira ya Linux ya bodi ndogo: yaandikwe kwenye jedwali, yasitengenezwe kwa mkono

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Karibu kila mjadala wa kujenga Linux kwa ajili ya bodi ndogo, iwe ni bodi ya ruta, ya king'amuzi au ya mashine ya kiwandani, hufika mahali ambapo mtu anaelekezwa kuandika `sudo mknod`, yaani amri ya kutengeneza faili la kifaa kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), bila maelezo yoyote. Anaiandika, bodi inawaka, na suala linahesabiwa kuwa limekwisha. Mwezi unaofuata mwenzake anajenga taswira ile ile, yaani faili lenye mfumo mzima wa kuchomwa kwenye bodi, kwenye kompyuta nyingine na bodi inakaa kimya, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwamba faili lile lilihitajika. Nitatetea hapa msimamo mmoja: faili la kifaa linapaswa kuwa mstari wa maandishi unaosomwa na programu inayojenga taswira, na lisitengenezwe kabisa kwenye diski ya kompyuta unayofanyia kazi.

Tuanze na kitu chenyewe. Faili la kifaa halina data ndani yake. Ni ingizo katika mfumo wa faili linalobeba aina, yaani kifaa cha herufi au kifaa cha bloku, pamoja na namba kuu, namba ndogo, mmiliki na ruhusa. Programu inapofungua `/dev/null`, kerneli, yaani kiini cha Linux, hulitumia jina kulipata ingizo hilo tu. Baada ya hapo inachojali ni kwamba hiki ni kifaa cha herufi chenye namba kuu 1 na namba ndogo 3, na kazi inakabidhiwa kwa draiva (sehemu ya kerneli inayoendesha kifaa) iliyojiandikisha kwa namba hizo. Ukitengeneza faili lenye namba hizo hizo na kuliita `/tmp/shimo`, nalo litameza kila unachokiandika. Kinyume chake ndicho cha hatari: jina sahihi lenye namba zisizo sahihi hukupa faili linalofunguka bila malalamiko na kupeleka data yako kwa draiva nyingine kabisa.

Namba za vifaa vya kawaida zimepangwa na zimeorodheshwa katika faili liitwalo `devices.txt`, ndani ya nyaraka zinazokuja na msimbo wa kerneli. Konsoli ni herufi 5 na 1, `/dev/tty` ni 5 na 0, `/dev/zero` ni 1 na 5, `/dev/urandom` ni 1 na 9. Mlango wa kwanza wa siriali wa aina ya `ttyS0` ni 4 na 64, lakini kwenye bodi nyingi za ARM zinazotumia `ttyAMA0` namba ni 204 na 64. Kadi ya kumbukumbu `mmcblk0` ni bloku 179 na 0, na kizigeu (partition) chake cha pili ni 179 na 2. Hadi toleo la 2.4 kila moja ya namba hizi mbili ilikuwa na biti 8 tu. Toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003, liliipa namba kuu biti 12 na namba ndogo biti 20.

Sasa ubaya wa `sudo mknod` uko wapi? Wito wa `mknod` unapotengeneza kifaa huhitaji uwezo wa CAP_MKNOD, ambao kwa kawaida ni wa root. Kwa hiyo mtu anayejenga taswira kwa njia hiyo analazimika kuendesha sehemu ya ujenzi kama root ndani ya kompyuta yake mwenyewe, ambako kosa dogo la njia, kwa mfano kusahau kuandika `rootfs` kabla ya `/dev`, linagusa `/dev` ya kompyuta na si ya bodi. Pili, mafaili hayo hayaingii kwenye Git, mfumo wa kutunza msimbo, maana Git haihifadhi mafaili ya vifaa. Tatu, hayawezi kukaa kwenye diski ya FAT. Matokeo yake ni kwamba sehemu muhimu ya mfumo inaishi kwenye saraka ya mtu mmoja na haionekani katika mapitio yoyote ya msimbo. Hili la tatu na la pili kwa pamoja ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu ruhusa za mafaili haya ni suala la usalama: anayeweza kuandika kwenye `/dev/mmcblk0` anaweza kubadilisha kila kitu kwenye kadi hata kama mfumo wa faili wenyewe umepachikwa kwa kusomwa tu.

Njia ninayoipendekeza ni jedwali la vifaa. Programu ya `makedevs` inayotumiwa na Buildroot, mfumo wa kujenga taswira za bodi ndogo, na pia `genext2fs`, `mkfs.jffs2` na `mkfs.ubifs` kupitia chaguo la `-D`, zote zinasoma maandishi ya muundo huu:

```
# jina         aina ruhusa uid gid kuu ndogo mwanzo hatua idadi
/dev           d    755    0   0   -   -     -      -     -
/dev/console   c    600    0   0   5   1     0      0     -
/dev/null      c    666    0   0   1   3     0      0     -
/dev/ttyS      c    660    0   0   4   64    0      1     4
/dev/mtd       c    640    0   0   90  0     0      2     4
```

Mistari miwili ya mwisho inastahili kusomwa kwa utulivu. Mstari wa `ttyS` unaanzia 0, unapanda hatua 1, na unatoa mafaili manne: kutoka `ttyS0` yenye namba ndogo 64 hadi `ttyS3` yenye 67. Mstari wa `mtd` unapanda hatua 2, kwa sababu kila kizigeu cha flashi kimetengewa namba ndogo mbili: ya shufwa ni ya kusoma na kuandika, na ya witiri inayofuata ni ya kusoma tu. `mtd1` kwa hiyo ni 90 na 2, wala si 90 na 1. Anayetengeneza mafaili haya kwa mkono bila kulijua hilo ataishia na `mtd1` ambayo kwa kweli ni kizigeu cha kwanza kisichoandikika, na atahangaika kuelewa kwa nini programu ya kusasisha flashi inakataa.

Kwa Squashfs, mfumo wa faili uliobanwa wa kusomwa tu, hakuna chaguo la jedwali la namna hii, ila kuna kitu kinachofanana nalo: `mksquashfs rootfs taswira.sqfs -all-root -p "dev/console c 600 0 0 5 1"`. Mistari ikiwa mingi unaiweka kwenye faili moja na kulitaja kwa `-pf`. Kwa mfumo mdogo wa faili wa kuanzia unaokaa kwenye kumbukumbu, yaani initramfs, msimbo wa kerneli unakuja na programu ndogo ya `gen_init_cpio` inayosoma mistari kama `nod /dev/console 0600 0 0 c 5 1`. Katika njia zote hizi hakuna root popote, kwa sababu programu inaandika tu namba ndani ya taswira, isipokuwa `makedevs`, ambayo Buildroot huiendesha ndani ya `fakeroot`, programu inayoigiza mamlaka ya root. Hakuna anayemwomba kerneli wa kompyuta yako atengeneze kifaa.

Karibuni kwa maswali na kwa hoja za kupinga.

Mchangiaji wa kwanza

Shukrani mkuu kwa maelezo. Mimi nilipewa na muuzaji wa bodi kifurushi cha tar chenye mfumo mzima wa faili. Ninapokifungua kama mtumiaji wa kawaida ninapata mistari mingi ya `Cannot mknod: Operation not permitted`. Nikitumia `fakeroot` makosa yanaondoka, lakini nikishatengeneza taswira na kuichoma, bodi inafanya kama `/dev` haina kitu cha maana. Mbona `fakeroot` inadanganya?

Mwanzisha uzi

Ndugu, `fakeroot` inadanganya kwa makusudi na ndiyo kazi yake, ila uongo wake una mipaka ambayo ni lazima uifahamu. Hupakia maktaba yake kupitia LD_PRELOAD na kuingilia wito wa `mknod`, `chown`, `stat` na jamaa zake. Tar inapoomba kutengeneza `dev/console`, kwenye diski linatengenezwa faili tupu la kawaida, na kumbukumbu kwamba faili hilo "ni" kifaa cha herufi 5 na 1 inawekwa kwenye mchakato wa pembeni uitwao `faked`. Programu yoyote inayouliza ndani ya kikao kile kile itajibiwa kwamba hicho ni kifaa. Kikao kikifungwa, kumbukumbu hiyo inapotea na kinachobaki ni faili tupu.

Nadhani ulifungua tar katika kikao kimoja na kutengeneza taswira katika kikao kingine, au nje ya `fakeroot` kabisa. Fanya yote mawili kwa pamoja:

```
fakeroot sh -c 'tar xf rootfs.tar -C rootfs && mke2fs -t ext4 -d rootfs rootfs.ext4 256M'
```

Chaguo la `-d` la `mke2fs` lipo tangu e2fsprogs 1.43, nalo linanakili mafaili ya vifaa pia. Ikiwa ni lazima kutenganisha hatua, hifadhi kumbukumbu kwa `fakeroot -s hali.txt` na uirudishe kwa `fakeroot -i hali.txt`. Kumbuka pia kwamba LD_PRELOAD haifanyi kazi kwa programu zilizounganishwa kwa njia tuli (static), yaani zile zisizotumia maktaba za kushirikiana; hizo zitaona hali halisi ya diski. Mradi wa Yocto unatumia chombo chake kiitwacho `pseudo`, chenye wazo hilo hilo lakini kinachoweka kumbukumbu kwenye hifadhidata ya kudumu, na ndiyo maana hatua zake nyingi zinaweza kufuatana bila kupoteza taarifa.

Kwa wanaotumia Buildroot, sababu hii hii ndiyo inayofanya saraka ya `output/target` isifae kunakiliwa moja kwa moja kwenye kadi. Wameweka humo faili liitwalo `THIS_IS_NOT_YOUR_ROOT_FILESYSTEM` ili kukuonya. Mafaili ya vifaa na umiliki sahihi vinawekwa mwishoni, ndani ya `fakeroot`, wakati taswira inapotengenezwa.

Mchangiaji wa pili

Naheshimu kazi uliyoifanya, mkuu, lakini naona mjadala huu umepitwa na wakati. Kerneli ina devtmpfs, mfumo wa faili ambao kerneli yenyewe huujaza mafaili ya vifaa. Unawasha CONFIG_DEVTMPFS na CONFIG_DEVTMPFS_MOUNT, unaacha saraka tupu ya `/dev`, na mafaili yote yanajitengeneza yenyewe. Jedwali la nini tena?

Mwanzisha uzi

Hoja yako ina uzito na sehemu kubwa ninaikubali. Devtmpfs iliingia katika toleo la 2.6.32 mwishoni mwa 2009, baada ya majaribio mawili tofauti: devfs, iliyoondolewa kwenye kerneli mwaka 2006, na udev, inayofanya kazi nje ya kerneli. Kwa bodi mpya mimi pia ninaanza na devtmpfs, na Buildroot yenyewe imeifanya kuwa chaguo la msingi. Vifaa vinavyochomekwa na kuchomolewa, na draiva zinazopewa namba wakati wa kuwaka, haviwezi kuhudumiwa vizuri na jedwali lisilobadilika.

Hata hivyo kuna mambo ambayo devtmpfs haikufanyii. La kwanza, CONFIG_DEVTMPFS_MOUNT haihusu initramfs. Maelezo ya chaguo hilo ndani ya kerneli yanasema wazi kwamba anayewaka kwa initramfs anapaswa kupachika devtmpfs mwenyewe. La pili, saraka ya `/dev` lazima iwepo kwenye taswira. Kwa kuwa Git haihifadhi saraka tupu, hili linawakwamisha watu wengi kuliko wanavyotarajia. La tatu, faili jipya ndani ya devtmpfs huwa la root kwa ruhusa ya 0600, isipokuwa draiva imetaka vinginevyo, kama ilivyo kwa `null`. Programu yako inayosoma kihisi kupitia `/dev/i2c-1` haitaweza kukifungua bila kuwa root, hadi uongeze udev au mdev, programu zinazopanga umiliki na ruhusa za mafaili ya vifaa. Kwa mdev ya BusyBox mstari mmoja kwenye `/etc/mdev.conf` unatosha:

```
i2c-[0-9]+ root:i2c 660
```

Viungo vya `/dev/fd`, `/dev/stdin`, `/dev/stdout` na `/dev/stderr` navyo havitengenezwi na devtmpfs, bali na skripti za kuwasha au na udev. Saraka za `/dev/pts` na `/dev/shm` unazitengeneza mwenyewe baada ya kupachika. Na jambo linalosahaulika: devtmpfs ikishapachikwa, kila ulichokiweka kwenye `/dev` ya taswira kinafunikwa. Kwa hiyo yale mafaili machache ya jedwali yanahudumia kipindi kifupi kabla ya hapo, na kipindi hicho ndicho chenye matatizo magumu zaidi kuyachunguza, kwa sababu bodi haina namna ya kukueleza kilichotokea.

Mchangiaji wa tatu

Hapo ndipo nilipo mimi. Nina initramfs iliyojengwa ndani ya kerneli kwa kutaja saraka yangu kwenye CONFIG_INITRAMFS_SOURCE. Kerneli inaandika ujumbe wake wote hadi `Warning: unable to open an initial console.` kisha ukimya. Sijui hata kama `/init` imeanza.

Mwanzisha uzi

Kuna uwezekano mkubwa imeanza, na huenda inafanya kazi yake yote bila wewe kuiona. Kabla ya kuendesha programu ya kwanza, kerneli hufungua `/dev/console` na kuifanya kuwa njia ya kuingizia, ya kutolea na ya makosa ya programu hiyo, yaani namba 0, 1 na 2. Isipoipata inatoa onyo hilo na kuendelea. Ujumbe wa kerneli unaonekana kwa sababu kerneli haihitaji faili lolote ili kuandika kwenye siriali. Inazungumza na draiva moja kwa moja. Skripti yako ya `/init` haina njia hiyo. Kila `echo` yake inaishia hewani, na hata ukipachika devtmpfs ndani ya skripti, njia 0, 1 na 2 za mchakato ule zitaendelea kuwa hazipo hadi uzifungue upya.

Swali zuri ni kwa nini wengine hawaoni tatizo hili ingawa nao hawajatengeneza `/dev/console`. CONFIG_INITRAMFS_SOURCE ikiachwa wazi, kerneli inajengewa initramfs ndogo ya msingi kutoka faili la `usr/default_cpio_list`, ambalo lina mistari mitatu tu ya maana: saraka ya `/dev`, faili la `/dev/console` lenye 5 na 1, na saraka ya `/root`. Initramfs inayopakiwa na kipakizi cha kuwashia bodi kama U-Boot inafunguliwa juu ya hiyo ya msingi, kwa hiyo konsoli tayari ipo. Wewe ulipotaja saraka yako, uliibadilisha ile ya msingi, na saraka yako haina konsoli kwa sababu hukuwa root ulipoiandaa.

Tiba ni rahisi na haihitaji root. Chaguo hilo linakubali zaidi ya kitu kimoja, vikitenganishwa kwa nafasi. Tengeneza faili la maandishi, tuliite `vifaa.txt`:

```
dir /dev 0755 0 0
nod /dev/console 0600 0 0 c 5 1
nod /dev/null 0666 0 0 c 1 3
```

Kisha andika `CONFIG_INITRAMFS_SOURCE="/kazi/rootfs /kazi/vifaa.txt"`. Faili hilo linaingia kwenye Git pamoja na usanidi wa kerneli. Weka pia CONFIG_INITRAMFS_ROOT_UID na CONFIG_INITRAMFS_ROOT_GID sawa na namba zako za mtumiaji ili mafaili ya saraka yageuzwe kuwa ya root.

Ndani ya `/init` mwanzo wake uwe hivi:

```
#!/bin/sh
mount -t devtmpfs devtmpfs /dev
exec 0</dev/console 1>/dev/console 2>/dev/console
exec /sbin/init
```

Mstari wa tatu ndio unaozirudisha njia tatu hata pale konsoli ilipokosekana mwanzoni. Skripti ambayo Buildroot huiweka kwenye taswira zake za cpio inafuata mpangilio huo huo. Wanaotunza bodi zenye kerneli za zamani sana waelewe kwamba huko konsoli ilikuwa ikitafutwa kwenye mfumo mkuu wa faili baada ya kupachikwa, na si kwenye initramfs ya msingi; kwa hiyo taswira za bodi hizo zinahitaji `/dev/console` ndani yake hata pasipo initramfs.

Mchangiaji wa nne

Mkuu, mimi ninapata `VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. Nimeongeza `/dev/mmcblk0p2` kwenye taswira kwa `mknod` lakini hakuna kilichobadilika. Namba ni 179 na 2 kama ulivyoandika.

Mwanzisha uzi

Namba ni sahihi, ila faili hilo halihusiki na kosa lako. Unapoandika `root=/dev/mmcblk0p2` kwenye mstari wa amri wa kerneli bila initramfs, hakuna mfumo wa faili uliokwisha kupachikwa ambamo jina hilo lingeweza kutafutwa. Kerneli inachukua maandishi hayo na kuyalinganisha na majina ya vifaa vya bloku inavyovifahamu yenyewe, kisha inapata namba. Namba 0 na 0 kwenye ujumbe zina maana kwamba haikukipata kifaa chenye jina hilo: ama draiva ya kadi haimo ndani ya kerneli, au imejengwa kama moduli iliyo kwenye mfumo wa faili ambao bado haujafikiwa, au kadi ilikuwa haijamaliza kujitambulisha. Kwa hili la mwisho ongeza `rootwait`. Kama ujumbe ungesema `unknown-block(179,2)`, maana yake ingekuwa tofauti: kizigeu kimeonekana, lakini kerneli imeshindwa kusoma mfumo wa faili uliomo, na hapo ungechunguza kama ext4 au Squashfs imewashwa kwenye usanidi.

Niongeze tahadhari moja kuhusu namba za 179. Kerneli hugawa namba ndogo kwa kila kadi kulingana na CONFIG_MMC_BLOCK_MINORS, ambayo kwa kawaida ni 8. Kadi ya pili kwa hiyo huanzia 8. Mtu akiibadilisha iwe 32 ili apate vizigeu vingi zaidi, kadi ya pili itaanzia 32, na jedwali lenye `mmcblk1` ya 179 na 8 litakuwa linaelekeza kwenye kizigeu cha nane cha kadi ya kwanza. Hiki ni kifaa ambacho ningemwachia devtmpfs.

Mchangiaji wa tano

Nimeandika draiva yangu ya kusoma mita, inaomba namba kuu kwa `alloc_chrdev_region`. Leo inapewa 243, kesho 240. Jedwali langu linavunjika kila ninapoongeza moduli nyingine. Je, nijichagulie namba moja na kuilazimisha?

Mwanzisha uzi

Tafadhali usijichagulie. Namba uliyoiona haina mwenyewe leo inaweza kupewa draiva nyingine katika toleo lijalo la kerneli, na wakati huo moduli yako itakataa kupakiwa. Acha namba itolewe na kerneli, kisha ongeza `class_create` na `device_create` kwenye draiva. Wito huo wa pili unaiambia kerneli jina la kifaa na namba zake, na devtmpfs inatengeneza faili palepale. Pia linatokea faili liitwalo `dev` ndani ya `/sys/class`, lenye namba hizo mbili zilizotenganishwa kwa nukta mbili, ambalo ndilo `mdev -s` hulisoma. Kama bodi yako haina devtmpfs kabisa, skripti ya kupakia moduli inaweza kuisoma namba kutoka `/proc/devices` na kuita `mknod` kwenye bodi yenyewe. Huko ni mahali halali pa kutumia `mknod`, kwa sababu namba haijulikani hadi draiva ipakiwe.

Mchangiaji wa kwanza

Nimefuata ulivyosema na sasa bodi inawaka vizuri, asante sana. Nina la mwisho. Kwenye taswira ya zamani `/dev/null` ilikuwa faili la kawaida lenye megabaiti kadhaa za maandishi. Lilitoka wapi?

Mwanzisha uzi

Lilitokana na skripti za kuwasha. Shell ya root inapokutana na `> /dev/null` na faili hilo halipo, inalitengeneza kama faili la kawaida na kuanza kuandika humo. Hakuna kosa linaloonyeshwa. Mahali kila amri inapotumia `>>`, au huduma fulani inaposhikilia faili hilo wazi kwa muda mrefu, linakua hadi flashi au kumbukumbu ijae, na kwenye flashi linaichakaza pia. Kibaya zaidi, programu inayosoma `/dev/null` ikitarajia mwisho wa faili mara moja inapokea takataka za programu nyingine. Faili hilo likishakuwepo, `mknod` inakataa kwa kusema jina limeshatumika, kwa hiyo skripti iliyokusudiwa kulirekebisha nayo inashindwa. Hii ndiyo sababu `null` imo kwenye jedwali langu fupi pamoja na `console`, hata pale ninapotegemea devtmpfs.

Kwa wote mnaotaka kuhakikisha kabla ya kuchoma, taswira inaweza kukaguliwa bila kuwasha bodi na bila root. Kwa ext4, `debugfs -R "stat /dev/console" rootfs.ext4` inaonyesha aina ya faili na namba zake mbili. Kwa Squashfs ni `unsquashfs -ll taswira.sqfs`, na kwa initramfs iliyobanwa kwa gzip ni `zcat initramfs.gz | cpio -itv`. Mstari mzuri unaanza na herufi `c` au `b` na una namba mbili mahali ambapo faili la kawaida lingeonyesha ukubwa wake. Mkiona mstari unaoanza na kistari na ukubwa wa 0, hilo ni faili tupu lililobaki baada ya kikao cha `fakeroot` kufungwa mapema. Ukaguzi huu nauweka kwenye skripti ya ujenzi yenyewe, ili ujenzi usimame pale ambapo `/dev/console` si kifaa cha herufi 5 na 1.